Kiti cha Mama Yako Kimefika Albert Park

Mzee wangu Aroni,

Kiti kimefika. Lifti ya jengo letu imekufa tena, kwa hiyo vijana wawili wa saluni ya chini walikibeba hadi ghorofa ya saba, mimi nyuma yao nikiwapigia kelele wasikikwaruze. Binti yako alinikabidhi baada ya mazishi yako, kabla hajafunga nyumba ya Glenwood na kurudi ng'ambo. Alisema ulimwachia agizo moja: kiti cha mama apewe yule aliyenizidi umri.

Nilicheka, halafu nikalia. Unajua kwa nini.

Siku yangu ya kwanza ya kukupikia nilikaa kwenye kiti hicho kumenya viazi. Ukaingia, ukasimama. Ulisimama tu hadi nikainuka, nami nikajua hakika kwamba huyu Mzungu hataki mkimbizi Mkongo akalie vitu vyake. Nilikuwa nimeshakusanya vitu vyangu niondoke uliponiambia kwamba mama yako alifariki miaka arobaini iliyopita, na wewe mwenyewe, mwanawe wa pekee, hujawahi kukalia kiti chake. Kwetu Wayahudi, ulisema, mtoto hakai pa mzazi. Ulisema kwa upole, kama wewe ndiye uliyekosea. Niliona aibu, Mzee. Kwetu Uvira pia hatukai pa baba, ila hayo niliyasahau njiani, pamoja na mengine mengi.

Halafu Baba akanifuata huku. Mwalimu mkuu mzima, aliyefundisha nusu ya mtaa wetu, na hapa Durban karani mdogo kuliko mjukuu wake akamwita kwa kidole kwenye foleni ya vibali. Tangu siku hiyo hakutoka nje. "Hapa mimi si mutu tena," alisema, akataka kurudi kule kwenye vita akafie kwao. Nilimwogopea sana. Ijumaa ile nilimleta kwako kwa sababu sikuthubutu kumwacha peke yake. Tena nilimpitisha mlango wa nyuma, nikamwambia akae kimya jikoni. Baba yangu mzazi. Hilo bado linaniuma.

Ulimsikia akikohoa. Ukaniuliza umri wake, nikasema themanini na tatu. Ukataka aletwe mezani. Wewe ulikuwa na themanini na moja, na magoti yale, lakini alipotokea mlangoni ulishika meza kwa mikono miwili ukasimama. Baba akadhani anafukuzwa, akaikamata kofia yake. Nikamweleza kwamba umesimama kwa heshima ya umri wake, na hapo ndipo mambo yalipoharibika: Baba hakai mwenye nyumba akiwa wima, na wewe hukai mkubwa wako akiwa wima. Wazee wawili mnatetemeka miguu, supu inapoa, hakuna anayekubali kushindwa. Mwishowe niliwakemea kama watoto wa darasa la kwanza: nahesabu hadi tatu, mkae pamoja. Mkakaa. Ulicheka hadi machozi yakakutoka.

Tulipokaribia nyumbani Baba akasema, "Ule mzee amesimama kwa ajili yangu, mtoto yangu. Na ile miguu mubaya." Jumatatu alinyoa ndevu, akashuka barabarani. Leo anafundisha watoto wa jengo kusoma na kuhesabu, na akiingia wote wanasimama. Hakuwaagiza yeye. Niliwaagiza mimi, na nikisikia viti vyao vikiburutwa sakafuni kwa pamoja, najivuna mpaka naona haya.

Kiti tulikiweka karibu na dirisha. Baba alikizunguka mara mbili, akavua kofia, akataja jina lako, ndipo akakaa.

Jana nilirudi kutoka sokoni miguu inawaka moto. Baba alikuwa ghorofa ya chini na wanafunzi wake, kiti kitupu, na hakuna wa kuniona. Nikavuta ndoo, nikaigeuza, nikakaa hapo kumenya viazi.

Kwaheri, Mzee wangu. Umesimama vya kutosha, sasa pumzika, sisi ndio tutasimama. Na siku Baba naye atakapoondoka, kiti kitabaki pale dirishani, nami nitabaki kwenye ndoo yangu.

Binti yako wa jikoni,
Furaha