Swali Kuhusu Klaudia

Kemondo, Bukoba,
23 Novemba, 1953.

Mpendwa Kaka Buberwa,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Je, kile kifua kimepona? Sisi tu wazima. Mguu wa Mama umepata nafuu, na mzee wetu Tata bado anaamka alfajiri kukagua mibuni. Senene wameanguka wengi mwaka huu. Mama amekukaushia kikapu kizima, ingawa hajui atakutumia huko Kampala kwa mkono wa nani.

Juma lililopita niliitwa mjini kwa mahojiano ya kazi ya ukunga, katika kliniki mpya ya Izigo. Nilijiandaa kwa maswali ya dawa na uzazi. Lakini mkunga mkuu, Mama Benadetha, alinitazama akasema, "Tueleze juu ya mfanyakazi mwenzako uliyeshindwa kuelewana naye. Ulifanya nini?"

Nilitaka kusema sijagombana na mtu. Nikashindwa kudanganya. Nikamweleza habari za Klaudia, niliyefanya naye kazi wodi moja miaka miwili.

Asubuhi moja Klaudia aliondoka bila kuniaga, akamwacha mama mwenye uchungu peke yake. Nilimkuta yule mama amezimia, damu inamtoka. Tulimwokoa kwa shida sana. Alasiri Klaudia aliporudi kuchukua nguo zake, nilimfokea mbele ya wagonjwa, nikamwita muuaji. Alifunga nguo zake, akatoka. Alipokwisha kwenda, mfagizi akaniambia kuwa asubuhi ile Klaudia aliletewa habari kwamba mama yake amefariki huko Izimbya.

"Ukafanya nini?" akauliza Mama Benadetha.

"Nilikwenda msibani kwa miguu. Nilimenya ndizi na wanawake wenzangu siku mbili. Nikamwambia Klaudia, kuondoka vile ulikosa, lakini neno lile sikupaswa kulisema. Nisamehe."

"Akakusamehe?"

"Siku ile alinigeuzia mgongo. Aliporudi kazini alinikuta nahangaika na mtoto aliyetanguliza miguu. Akanawa mikono, akaja kunisaidia. Tangu hapo hakuna anayetoka bila kumwambia mwenzake."

Kaka, kazi nimeipata. Jumatatu ijayo nahamia Izigo.

Lakini njiani nikirudi nililia. Kwa Klaudia nilitembea mpaka Izimbya, na kwako wewe, tumbo moja, miaka sita sijasema kitu. Siku Tata alipokufukuza kwa sababu mkeo Kokuberwa ni Mlutheri nasi ni Wakatoliki, nilisimama mlangoni nikanyamaza. Ulinitazama, nami nikatazama chini. Nisamehe, Kaka. Kila meli ikiingia hapa huwa nawaangalia wanaoshuka, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho.

Jana Tata aliniambia nimsimulie yote niliyoulizwa. Nilipofika pale pa msibani aliinamisha kichwa hata kahawa yake ikapoa. Kisha akauliza, "Meli ya Kampala inaondoka siku gani?"

Nikamwambia Alhamisi.

"Ya juma lijalo, basi. Mwandikie kaka yako kwanza. Muulize kama mke wake atanipokea."

Hajawahi kulitamka hilo, "mke wake", tangu mwondoke.

Nisalimie sana wifi yangu Kokuberwa, na umbusu kwa niaba yangu mwanenu mdogo Rugambwa, ambaye hata sura yake siijui. Mama na mjomba Lwakatare wanawasalimu. Mungu awalinde nyote, na amfikishe mzee salama.

Nijibu upesi, Kaka. Anangoja, ingawa hasemi.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Kokugonza