Salamu Haienei Kwenye Katuni

Jumanne, baada ya alasiri. Manyunyu tangu asubuhi, nguo nilizoanika jana bado zinachuruzika kambani, na mimi nina hasira na furaha kwa pamoja, sijui kipi kimetangulia.

Leo nimewatembeza Wafaransa pangoni. Mimi, mkata tiketi.

Kwa anayenisoma hapa mtandaoni mara ya kwanza: mwaka wa tisa huu nakaa getini kwenye mapango, nje kidogo ya mji wa Tanga. Wageni wa Kiingereza huongozwa na Hamisi, mwenye cheti cha chuo. Wa Kifaransa huja na mkalimani wao kutoka Arusha. Kazi yangu ni kuchana tiketi na kuwaonyesha choo kilipo.

Mwaka juzi mgeni mmoja alisahau mkoba getini, ndani mna vitabu vitatu vya katuni za Kifaransa. Nilimtunzia miezi sita, hakurudi. Ni visa vya mpishi mnene anayeunguza kila kitu na paka wake mwizi wa samaki. Nikaanza kwa kutazama picha tu. Paka akikwapua samaki, mpishi akatoa macho, lile neno lililo juu ya kichwa chake unalijua hata kabla hujalitafuta. Yaliyonishinda niliyaandika kwenye simu, kwenye tovuti ya kutafsiri, nikaibonyeza initamkie. Halafu nikapakua programu ya mazoezi inayokusikiliza ukitamka. Hiyo ilinitesa. Naosha vyombo, naiambia neno, inasema jaribu tena. Najaribu. Jaribu tena. Mama yangu, ninayekaa naye hapa Mabawa, akipita uani ananiuliza, "Weye Mwanahawa, huyo Mfaransa anakuja lini kukuoa, tujue kuloweka mchele?"

Hamisi naye akanibandika jina: Madamu Katuni.

Nakiri iliniuma. Kuna wakati nilivifungia vitabu kabatini wiki nzima. Kisha nikavitoa, maana nilichoka kuchana tiketi za watu nisioweza hata kuwaambia wainamishe kichwa, mwamba uko chini.

Basi leo asubuhi mkalimani wa Arusha kapiga simu, ameamka na homa. Wageni wanne, wazee watupu, wameshafika na dereva wao. Msimamizi wetu, Mzee Singano, akanitazama mimi, akatazama mvua, akasema, "Haya, Mwanahawa. Tuone hicho Kifaransa. Ukiweza, tutazungumza habari ya kukutoa getini. Ukiniaibisha, usiniletee tena hadithi hizo."

Nikawasogelea, nikaanza na salamu. Hapo ndipo kwenye kisa chenyewe.

Katika katuni zangu mtu akikutana na mwenzake anasema bonjour, basi, anaendelea na shughuli zake. Miaka miwili nimeamini kuwa tatizo ni nafasi. Kile kiputo cha maneno ni kidogo, salamu nzima haienei, kwa hiyo mchoraji kaandika mwanzo wake tu, kama tunavyofupisha kwenye meseji. Zilizobaki nikajitafutia kwenye simu, moja moja, nikazikariri. Kwani kuna watu duniani wasioulizana hali?

Kwa hiyo kila mmoja nilimpa salamu kamili. Ameamkaje. Safari ilikuwaje. Watu wa nyumbani hawajambo? Watoto je? Majirani? Nyuma yangu namsikia Hamisi anaguna. Bwana wa kwanza alitazama saa. Wa pili alijibu neno moja, akatabasamu kwa mashaka. Wa tatu alidhani mimi ni mtu wa uhamiaji, akatoa pasipoti.

Wa nne alikuwa bibi mwenye mkongojo. Nilipofika kwa watu wa nyumbani aliegemea mkongojo wake. Kisha akasema polepole, na nikaelewa yote: nyumbani hakuna mtu tena, amebaki paka tu.

Paka! Neno la kwanza kabisa nililojifunza. Nikafanya ambalo yeyote wa kwetu angefanya.

Nikauliza, "Na paka hajambo?"

Bibi alicheka mpaka akanishika bega. Paka hajambo, ila mguu wa nyuma unamsumbua, na jirani ndiye anayemlisha, na huyo jirani naye ana mambo yake. Akaendelea, nami naitikia. Tuliingia pangoni tumechelewa. Nikawaonyesha popo, nikawaambia wainamishe vichwa, wakainama wote wanne kwa pamoja. Maneno nilikosea chungu nzima, lakini hakuna aliyejigonga.

Tunatoka, Hamisi ameshapeleka taarifa kuwa nimepoteza nusu saa nikiulizia hali ya paka. Mzee Singano akasema kundi lijalo ni langu, ila kwa sharti. "Salamu uzifupishe, mwanangu. Wenzetu hawana hayo."

Nikajibu ndiyo mzee, kwa adabu zote. Hapa kwenye shajara yangu nasema kweli: sifupishi. Kifaransa hiki sikufundishwa na mtu, nimekitafuta mwenyewe na povu la sabuni mikononi, na atakayezungumza nami kwa Kifaransa hicho atasalimiwa kama watu wanavyosalimiwa Tanga. Wakitaka kunirudisha getini kwa sababu hiyo, wanirudishe.

Lakini sijamaliza.

Wakati wa kuondoka, yule bibi alishuka tena kwenye gari, mvua inamnyeshea, akanishika mkono. Akaniuliza nimeamkaje. Watu wa nyumbani hawajambo? Watoto je? Majirani? Kwa mpangilio ule ule, hakuruka hata swali moja.

Miaka miwili nimejifunza kuuliza tu. Ile programu haikuwahi kuniuliza habari za kwetu, wala sikuwaza kuwa kuna Mfaransa atakayetaka kuzijua. Nilitamani kumwambia mama hajambo ila magoti, watoto sikujaliwa, majirani wananicheka lakini ni watu wema. Nikaishia kushukuru tu, merci, merci, mpaka gari likaondoka.

Kesho, nikishaanua hizi nguo, naanza kujifunza majibu.