Picha Iliyo Juu ya Meza ya Tatu

Baba mdogo,

Shikamoo. Huku hatujambo, shangazi amepona mguu. Kituo chenu cha zimamoto sasa ni mgahawa, na kengele yenu inaita wahudumu. Ukutani, juu ya meza ya tatu, ipo picha yako kando ya gari la zimamoto, siku ile mliyomaliza maji ya tangi kuliosha ling'ae mbele ya mgeni rasmi.

Mhudumu akanitania, “Dada, wazee hawa walijua kazi!”

Nikamjibu kwamba jioni ya siku hiyo gari hilo lilifika kwetu liking'aa, bila tone la maji, na mama akiwa ndani ya moto. Akaondoka na trei yake.

Mwenye mgahawa ameniomba, kwa kuwa nimesoma, niandike maelezo chini ya picha. Nafasi nimekuachia. Njoo uandike mwenyewe.

Mimi,
mtoto wa shemeji yako