Pikipiki ya Bibi Shamba

Runazi, Biharamulo
13 Januari 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kikohozi kinakuachia na kwamba huko Ngara mvua inawapa nafasi ya kuanika. Sisi huku ni wazima. Bibi analalamikia goti asubuhi, likipata jua ananyamaza.

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, na ndiyo maana sikupiga simu. Simu tunayo moja, na Bibi akipokea huweka sauti kubwa mpaka Limi, jirani yetu, anajibu akiwa kwake. Kwa hiyo barua hii nimempa Nduwayo, anayeleta maharage huko kwa lori lake.

Pikipiki ya Bibi haijafa. Jana alipokuwa kanisani niliiwasha.

Mimi nilibaki nyumbani kwa sababu mbuzi alikuwa anazaa. Unakumbuka mwaka jana Bibi alipotaka kuanza kuendesha tena, fundi Nshimiyimana aliikagua akasema moyo wake umekufa na vipuri vyake havitengenezwi tena popote. Bibi aliamini, kwa kuwa ni ya zamani kweli. Alipewa kazini alipokuwa bibi shamba, akizungukia mihogo ya watu kutoka hapa mpaka Nyakahura, na alipostaafu wakamuuzia. Tangu fundi aseme vile, kazi yake ni kuifuta vumbi kila Jumamosi. Akiifuta ananieleza kila kitu kilivyo, mimi nasikiliza.

Anasema moto wa pikipiki yake hupita kwenye platina, yaani vyuma viwili vidogo vinavyogusana na kuachana. Nilitaka kuviona tu. Nikafungua mfuniko wa kushoto kwa bisibisi. Katikati ya vyuma hivyo kulikuwa na kipande cha kadi ya vocha, kimekunjwa vizuri, hivyo havikuweza kugusana. Nilikitoa, nikapitisha msasa kidogo, nikapiga kiki mpaka mguu ukachoka. Ikawaka. Moshi ulijaa bandani, kuku wakatoka. Niliogopa nikaizima.

Kadi haikuingia pale yenyewe. Nadhani fundi anangoja Bibi achoke, aiuze kama chuma chakavu.

Mama, ulinituma huku nilipomaliza kidato cha nne ili nimsaidie Bibi kufunga vitu, na maharage yakishavunwa nije naye aishi kwako. Yeye alikubali kuhama kwa sababu moja, kwamba bila pikipiki shamba liko mbali na kanisa liko mbali zaidi. Sasa pikipiki ipo. Je, nimwambie?

Mwanao,
Iteka

Ngara
21 Januari 2025

Mwanangu Iteka,

Marahaba. Kikohozi kimebaki cha alfajiri tu. Mpe Bibi salamu zangu, na goti alikande kwa maji ya moto, asibishe.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Usimlaumu fundi. Mimi ndiye niliyemwomba. Alikataa mwanzoni, akasema kazi ya fundi si kuzima kilicho hai. Nikamwambia huyu ni mama yangu. Ndipo akatafuta njia ambayo haitaharibu kitu.

Siku Bibi alipoanguka na pikipiki wewe ulikuwa mdogo. Mimi ndiye niliyemkuta mtaroni, pikipiki imemlalia mguu na injini bado inanguruma. Nikaanza kulia. Akaniambia, "Zima kwanza, petroli inaisha." Mkono wake ulikuwa umevunjika mahali pawili, na yeye anafikiria petroli. Mtu wa namna hiyo huwezi kumshauri, unaweza kumzuia tu.

Sasa amezeeka zaidi. Akianguka kwenye pori la njiani, nani atamkuta? Chumba chake hapa kipo tayari, na nimenunua godoro.

Chukua ile kadi uirudishe. Kama umeitupa, kata nyingine. Nimepata mnunuzi wa Nyakahura, atakuja kuiona siku ya mnada. Usimwambie Bibi chochote. Wewe hujawahi kunipa shida kwa mdomo, usianze sasa.

Mama yako

Runazi
9 Februari 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Habari za kazi na za majirani? Huku maharage yamekauka vizuri, tumeanza kupiga.

Nimechelewa kujibu kwa sababu sikujua niandike nini. Kadi niliirudisha siku ileile niliyopata barua yako. Nilitaka ujue hilo kwanza.

Ulipompigia Bibi kuhusu mnunuzi akakubali kuuza, hakusema neno baya. Aligawa masufuria mawili. Alimwahidi Limi mbuzi, na Limi alilia, kisha akauliza kama mbuzi anakuja na kamba yake. Halafu Bibi akasema kitu hakiuzwi kichafu. Akanikalisha chini bandani, yeye juu ya kigoda, na kazi ikaanza. Nilisafisha cheni kwa mafuta ya taa, nikakaza waya wa klachi, nikatoa kutu kwenye rimu kwa majivu. Tairi la nyuma lina nyufa, lakini akasema nyufa hizo ni za jua, si za kazi. Nilikuwa naomba tusifike upande wa kushoto. Tukafika. Akaniambia nifungue mfuniko, nimshikie tochi.

Aliiona kadi. Aliitoa kwa pini ya nywele, akaikunjua, akaisogeza mbali na macho ili aisome. Kisha akasema, "Panya wa huku siku hizi wana simu."

Mimi nilikuwa naangalia tochi. Aliiweka kadi kwenye mfuko wa koti, akanituma petroli.

Vijana wa bodaboda waliniuzia chupa moja. Bibi akainusa, akauliza oili iko wapi. Wakasema pikipiki haziwekewi oili kwenye petroli. Akawajibu kwamba zao haziwekewi, yake bila oili injini inajikaanga. Akapima kwa kizibo, akatikisa, akamimina tangini. Mnunuzi alipokuja aliambiwa hakuna kinachouzwa, akapewa uji akaondoka.

Sasa anajifunza upya. Tunakwenda kiwanja cha shule wanafunzi wakishatoka. Anasema kichwa kinakumbuka ila mikono imesahau. Siku ya kwanza alikwenda vizuri, ila aliposimama hakuweza kuuhimili uzito, akalala na pikipiki polepole kama mtu anayeketi. Hakuumia. Limi alimwambia, "Mama Petronila, mihogo ya kukagua iko shambani, hapo ni nyasi tu." Jana kijana mmoja wa bodaboda alimuuliza abiria anabeba kwa bei gani. Bibi akasema, "Wewe nakubeba bure mpaka kwa mama yako, nikamwonyeshe unavyovaa suruali." Wenzake walimcheka mpaka akaondoka kijiweni.

Haendi kasi. Anatazama nyuma kabla ya kukata kona. Ameniagiza nipime upepo wa matairi kila asubuhi, nami napima. Nakuandikia hivyo ili usifikiri mabaya tu.

Mwanao,
Iteka

Ngara
14 Februari 2025

Iteka,

Marahaba. Mimi ni mzima.

Nitakuja Jumamosi tarehe 22 pamoja na Nduwayo. Lori litakuwa tupu. Tutapakia vitu vyote na Bibi atakaa mbele na dereva. Pikipiki itapanda nyuma au itabaki, mimi sijali. Mpaka siku hiyo ficha ufunguo.

Mama yako

Runazi
20 Februari 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sikuulizi hali kwa sababu sitapata jibu kabla ya hili kwisha.

Nduwayo alipoleta barua yako, Bibi alikuwa ameketi nami tukichambua maharage. Akaniambia niisome kwa sauti. Niliisoma. Nilipofika kwenye ufunguo nilinyamaza, akasema, "Endelea, mwandiko wa Petronila haujawahi kuwa mgumu." Nikamalizia.

Aliendelea kuchambua mpaka ungo ukaisha. Kisha akasema ni aibu mtoto kuja na lori kumchukua mama yake kama gunia. Atakuja mwenyewe, umwangalie, muongee. Kama baada ya hapo bado unaona ni wa kupakiwa, atapakiwa. Hayo ndiyo maneno yake, sikuongeza.

Nilitaka kwenda naye. Akasema mbuzi hawajifungulii mlango. Nilimpa simu, akairudisha mezani, akasema dereva hapokei simu. Amefunga chupa mbili za petroli iliyochanganywa, plagi ya akiba, na kitenge kiunoni dhidi ya upepo. Atapitia Nyakahura apumzike, kisha pori, kisha atashika ile barabara inayopita karibu na Lukole, ambayo anasema anaijua tangu kambi za wakimbizi zikiwepo.

Injini inaunguruma mlangoni, ananingoja nimalize. Barua hii itakaa kwenye mfuko wa koti lake. Kama unaisoma, amefika. Kama wewe huisomi, sijui anaisoma nani.

Mwanao,
Iteka

Ngara
25 Februari 2025

Mwanangu Iteka,

Marahaba. Najua nilikupigia usiku ule kusema amefika, lakini Limi alikuwa anasikiliza, kwa hiyo mengine nayaandika.

Nilisikia mlio kabla sijaona kitu. Mlio ule nimekua nao. Aliingia uani akiwa mwekundu wa vumbi mpaka kope, akasimama, na hakushuka. Nikafikiri ameumia. Akasema magoti yamekaza, nimletee kigoda cha kukanyagia. Majirani walikuwa wamejaa. Nilimshusha, nikamvua helmeti, akanipa barua yako.

Nilimwonyesha chumba. Alilibonyeza godoro, akalisifu. Jioni nikamweleza habari ya kadi, kwamba fundi alitumwa na mimi. Alikuwa anamenya ndizi, akaendelea kumenya. Akaniuliza tu chumvi iko wapi. Siku iliyofuata tulishinda pamoja na hakuna aliyetaja pikipiki. Nilimpigia Nduwayo kumwambia asiondoke bila mimi na asiende popote, angoje. Nilikuwa bado sijajua la kufanya.

Jumamosi, ukungu ukiwa bado chini, nikamkuta uani amevaa koti. Alipiga kiki. Haikuwaka. Akapiga tena na tena, mpaka nikaona anahema. Moyoni nilisema, basi, imekataa yenyewe, si mimi. Hakuna atakayenilaumu. Ningekaa kimya tu, angebaki.

Akasema, "Petronila, sukuma."

Unajua njia yetu inavyoshuka kuelekea barabara kubwa. Nilimtazama mgongo. Alikuwa amekaa wima, gia imeingia, klachi ameishika, ananingoja bila kugeuka. Nikavua kandambili nikasukuma. Nilikimbia, Iteka, mtu mzima mimi, na khanga ya kulalia, mama wa jirani akiwa mlangoni na ndoo. Karibu na mtaro ikawaka. Moshi wote ukaniingia mdomoni. Hakugeuka, na ni vizuri, dereva hageuki. Nilisimama pale mpaka mlio ukaisha upande wa Kasulo.

Asiondoke tena bila kubeba simu. Na mkande goti kila jioni. Mnunuzi sitamtafuta tena.

Mama yako

Runazi
3 Machi 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kikohozi hakikurudi kwa ule moshi. Bibi alifika salama siku ileile, kama Limi alivyokutangazia kwenye simu kabla sijashika mimi. Alilala mapema, akaamka na njaa. Masufuria aliyogawa amekwenda kuyaomba, moja limerudi. Limi anasema hakuwahi kumtaka mbuzi.

Jana tulipokuwa tunasafisha plagi nilimuuliza kwa nini pikipiki ilikataa Ngara. Nilidhani ni baridi, au oili nilizidisha, na kama ni oili kosa lingekuwa langu. Bibi akacheka peke yake kwa muda mrefu. Kisha akaniambia kwamba haikukataa. Alikuwa anapiga kiki bila kufungua swichi. Aliifungua ulipokuwa umeshakimbia, mlipofika karibu na mtaro.

"Yeye aliizima mwaka mzima," akasema. "Mimi niliizima kidogo tu."

Nikamuuliza, je, kama wewe Mama usingesukuma? Hapo hakucheka. Aliifuta plagi pande zote, akairudisha mahali pake, akaikaza kwa mkono kabla ya kunipa spana. Akasema angeshuka, angeingia ndani, angelala kwenye lile godoro, na pikipiki angempa fundi Nshimiyimana. Alikuwa ameshaamua hivyo alipokuwa anavaa koti.

Hili aliniambia mimi tu. Nimekaa nalo usiku mzima, nikaona ni lako zaidi kuliko langu. Lakini tafadhali Mama, ukija Pasaka, au ukipiga simu, usimwonyeshe kwamba unajua, na wala usimwambie mtu mwingine. Anaamini kwamba hukugundua, na hilo linamfurahisha kila akipiga kiki.

Mwanao,
Iteka