Wateja Wangu Wamemponza Jirani

Shangazi Mulunesh mpendwa, nina jambo linaninyima raha, naomba unisikilize. Nauza kahawa hapa Dessie, na ukuta kwa ukuta nami yuko Yeshimebet, mjane, naye anauza kahawa, tuko chama kimoja cha mazishi na ndiye mama wa ubatizo wa binti yangu. Juzijuzi tukasikia wakadiriaji wa kodi wanapita, na sisi wadogo wanatukadiria kwa macho tu, wakikuta benchi limejaa basi wewe tajiri, sasa wateja wangu kwa kunipenda, mzee Gashaw akiwa mbele yao, wakaniambia, "Leo tunahamia kwa jirani, wewe kaa ufukuze nzi," nami nikacheka nikanyamaza, wakajazana kule mpaka wengine wakanywa wamesimama, na Yeshimebet maskini akasema Bikira Mariamu kamkumbuka, akagawa bisi bure. Majibu yametoka, kodi yangu kiduchu, yake kubwa mpaka anasema atafunga biashara, lakini jana bado kaniletea mkate wa moto akasema, "Kula, mdogo wangu, umekonda," ukanikwama kooni. Gashaw anasema ninyamaze, waliokosea ni wakadiriaji. Nifanye nini?

Asnakech, Dessie

Asnakech mwanangu, wateja wa kukupenda hivyo si wengi, na nimecheka peke yangu nikiwafikiria wamebanana kwa jirani na vikombe mkononi. Ila mkadiriaji usimsingizie. Alikuta watu, akaandika watu. Mzigo ni wako, na umemtwika mtu aliyembeba mwanao siku ya ubatizo. Mkate huo ungeshukaje?

Muda wa rufaa haujaisha. Kesho, kabla hajawasha mkaa, nenda kwake ukamweleze yote. Atakununia. Mwache anune, na usimpe visingizio. Kisha mwende pamoja kwenye kamati ya rufaa ya kodi, useme kwa kinywa chako wateja wale walikuwa wa nani. Kodi yako itapanda, ndiyo, na utailipa, maana kahawa umeuza wewe. Ukiona wamekuzidishia, nawe ukate rufaa, lakini kwa ukweli.

Na huyo Gashaw asibaki nyumbani. Yeye na wenzake walijua kuijaza nyumba ya Yeshimebet kwa siku moja. Sasa wakaijaze ofisi ya kodi, kila mmoja aseme kahawa yake huinywa kwa nani.