Mizani Tisa

Jumatatu, 9 Juni 2025

Maneno mapya kumi na manne leo. Mwalimu wa sayansi yuko likizo ya uzazi, kwa hivyo Mwalimu Gathogo wa Kiswahili anashika masomo yote mawili, na ameamua kuyachanganya. Ubao nusu ikolojia, nusu ushairi. Makazi, walaji, viozaji. Mshororo, vina, mizani. Bahari ya ushairi si maji – ni aina ya shairi. Ukwapi ni kipande cha kwanza cha mshororo, utao cha pili. Au kinyume? Hapana, niko sawa.

Kila mtu wa gredi ya tisa aandike shairi lenye maneno ya ikolojia. Litakaloshinda litasomwa siku ya wazazi, Ijumaa tarehe ishirini.

Jumatano, 11 Juni

Nimeandika juu ya mto wetu hapa Murera. Asubuhi maji ni zambarau, ikifika saa sita yamerudi kijivu. Vyura sijawasikia tangu Aprili. Watu wanaona, wananyamaza. Kibwagizo changu:

Mto wabadili rangi, ni nani aupakaye?

Nane kwa nane. Janice amehesabu mizani kwa vidole mara tatu. Ni rafiki yangu tangu gredi ya nne na huwa hasifu kitu, lakini alisema liko poa. Lake ni la nyuki. Zuri pia. Labda zuri kuliko langu – sikumwambia.

Jumamosi, 14 Juni

Nilishinda jana! Janice wa pili. Alinipa mkono haraka haraka.

Leo nilikuwa nafua nikikariri kwa sauti. Mama anakata mboga ya sukuma pale mlangoni. Nilipofika kwenye kibwagizo kisu kikasimama. Akauliza ni kina nani watakuja siku ya wazazi. Nikasema wazazi wote. Akauliza, hata Ndegwa? Ndegwa ni supavaisa wake kule kiwanda cha vitambaa, na binti yake yuko gredi ya saba kwetu. Nikasema labda. Hakuuliza tena. Hakunipongeza pia.

Anafikiri nitasahau maneno mbele za watu, nadhani.

Jumanne, 17 Juni

Ratiba ya siku ya wazazi imebandikwa, na shairi langu liko hapo chini. Si langu. Mtu amegusa kibwagizo:

Mto wang'ara kwa rangi, tumsifu autunzaye.

Tumsifu nani? Nimehesabu utao. Tisa. Nikahesabu tena. Tisa. Basi si Mwalimu Gathogo. Wiki jana alimrudisha Omondi wa darasa letu akaandike upya beti tatu kwa sababu ya silabi moja.

Aliyechapa ratiba ni Janice, kwenye saiba, duka la kompyuta la shangazi yake kule Witeithie. Janice wa pili. Nilimuuliza mbele ya darasa. Akasema alichapa alichopewa. Nikamwita mnafiki. Alichukua mkoba wake akahamia dawati la dirishani.

Jumatano, 18 Juni

Nimeenda ofisi ya walimu. Mwalimu Gathogo hakunitazama vizuri. Alisema mabadiliko yalitoka kwingine, na Janice hana kosa. Kwingine wapi? Akaitwa nje.

Karatasi yangu ilikuwa mezani. Kibwagizo kimepigwa mstari. Juu yake, kwa kalamu ya bluu, ule mshororo wa mizani tisa. Ile z imekatwa katikati kwa kamstari kadogo.

Naijua hiyo z. Iko kwenye kola za sweta zangu zote, kwenye jina langu.

Jioni sikumuuliza Mama. Nilikula nikimtazama. Aliniuliza kama chumvi imezidi.

Alhamisi, 19 Juni

Nimemuuliza, kabla hajavua viatu vya kazi.

Aliketi. Alisema hafungi katoni tena kule kiwandani. Aprili walimhamishia sehemu ya rangi, hakutaka nijue. Wanawake wawili waliokataa kazi ile sasa wanauza ndizi barabarani Ruiru. Jumatatu aliomba ruhusa akaenda kumsihi Mwalimu Gathogo abadilishe shairi. Mwalimu alikataa kuliandika kwa mkono wake. Akamsukumia kalamu, akamwambia aandike mwenyewe anachotaka.

Nikamuuliza kwa nini hakuja kwangu kwanza.

"Ningekuambia nini, Nzisa? Unauliza ni nani aupakaye. Mwenye kumwaga yale mapipa ya rangi mtoni asubuhi ni mimi."

Nilikuwa nimejiandaa kukasirika tangu jana. Sikuweza. Nilimwambia tu kwamba mshororo wake una mizani tisa. Akauliza mizani ni nini. Nikamweleza. Akahesabu kwa vidole, polepole, midomo ikitembea, mpaka tisa.

"Aki sikujua," alisema. "Nimekuharibia."

Hakuniambia nisome lipi. Mimi pia sikusema.

Ijumaa, 20 Juni

Naandika kwenye kona ya darasa, uwanja nauona wote, daftari gotini. Gredi ya saba wanaimba.

Nimemwomba Janice msamaha. Alisikiliza hadi mwisho, akasema sawa. Hajarudi dawatini.

Mwalimu Gathogo anasema hatashika karatasi yoyote ya kunisahihisha. Nisome kilicho kichwani mwangu.

Ndegwa yuko mstari wa mbele, simu juu, anarekodi binti yake. Mama alifaa awe kazini. Amekuja. Aliketi kwanza kule nyuma karibu na geti, na nikashukuru – sitaona uso wake. Sasa ameinuka. Amebeba kiti chake. Anapita katikati ya wazazi akiomba njia, anakiweka mbele, kando ya Ndegwa kabisa. Ndegwa amesogea kidogo.

Amekuja kunizuia? Jana angesema. Kwa nini pale, katika nafasi zote hizi?

Gredi ya saba wamemaliza. Mama ameinama, anamwambia Ndegwa kitu. Maneno mengi. Ndegwa ameshusha simu, anamtazama.

Mwalimu ameita jina langu. Mama bado anaongea, akielekeza kidole mtoni. Nasimama na mizani yangu, nane kwa nane.