Mwanahawa Aliniomba Ninyamaze

Jumamosi jioni, Kwamndolwa.

Tangu mchana mvua ni manyunyu tu, yasiyojaza ndoo wala yasiyoruhusu mtu kuanika nguo. Nipo nyumbani kwa mama. Ameniuliza kama naumwa kwa sababu nimeacha wali, na mimi si mtu wa kuacha wali. Nimemwambia nimechoshwa na barabara.

Si barabara.

Naandika haya bila kujua kama nitayaweka hewani. Majina nimeyabadilisha, na hakuna atakayeyasoma mpaka wenyewe wayasome kwanza na wakubali. Hilo angalau nimejifunza, ingawa aliyelipia somo ni mtu mwingine.

Wanaopita hapa bloguni mara kwa mara wanajua kazi yangu. Natafiti saratani zinazorithiwa, hasa melanoma, ile inayoanzia kwenye chembe zinazoipa ngozi rangi yake. Kwetu sisi weusi mara nyingi haianzi usoni wala mgongoni panapopigwa jua. Inajificha kwenye unyayo, kiganjani, chini ya kucha. Mtu anadhani amechomwa na mwiba, anapaka dawa ya kidonda, miezi inapita. Kwa kawaida hairithiwi, ndiyo maana ukikutana na familia ambayo ugonjwa huu umewapata zaidi ya mmoja, unashtuka.

Familia hiyo niliipata Kabuku. Baba yao, Mzee Athumani, aliletwa hospitali na kidonda cha kisigino kilichokuwa kimeshachelewa kutibiwa. Nilipokuwa namhoji akaniambia dada yake alifariki kwa ukucha uliogeuka mweusi, na mdogo wao kwa saratani ya kongosho. Saratani hizo mbili, ya ngozi na ya kongosho, zinaweza kutokana na hitilafu moja ya vinasaba. Mzee alikuwa ananitajia wafu wake, na kalamu yangu ilikuwa inakimbia.

Nilifurahi.

Hilo sijawahi kumwambia mtu. Nilimpa pole, nikamshika mkono, na ndani yangu nilikuwa nashangilia kama mtu aliyeokota kitu cha thamani njiani.

Kabla hajafariki aliniomba niende nikawaangalie wanawe. Ameacha mabinti wawili tu. Mwanahawa, mkubwa, ni fundi wa kushona, na wakati ule alikuwa ameshaposwa na Salimu, kijana wa Mazinde. Zuhura ni mdogo wake. Matanga yalipokwisha nikaenda na mwenzangu wa maabara. Mama yao, Bi Mwanaidi, akatutandikia mkeka barazani, kwenye baraza inayotazama barabara kuu. Jirani kabisa kuna duka, na watu hawaishi kununua sukari na vocha.

Mwenzangu alininong'oneza, "Si tuingie ndani?"

Nikamjibu ndani kuna giza, sitaweza kuchora.

Nikabandika karatasi kubwa ukutani, nikachora ukoo wao wote, waliokufa nikiwatia alama nyekundu. Nikaeleza kwa sauti ya darasani, na sauti yangu mimi ni ya kufika mbali. Nikasema hitilafu hii inapita kwenye damu, kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, na kila mtoto anaweza kuipata au kuikosa, nusu kwa nusu. Tukawatoa damu, tukaaga, tukaondoka.

Wenye duka na wanunuzi walibaki na maneno matatu: ugonjwa wa ukoo.

Maneno hayo yalifika Mazinde kabla majibu hayajatoka maabara. Wazazi wa Salimu wakamtuma mshenga kuja kusema mambo yasimame kwanza. Bi Mwanaidi ndiye aliyenipigia simu kunieleza. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, kwani uliwaambia nini watu?"

Wiki hii majibu yametoka. Mwanahawa hana ile hitilafu. Zuhura anayo.

Leo asubuhi nilipotoka Korogwe nilikuwa na mpango, na niuseme ulivyokuwa. Nitamweleza kila mmoja majibu yake peke yake. Kisha nitamwomba Mwanahawa ruhusa niende Mazinde, nikae na wazee wa Salimu, niwaambie kitaalamu kabisa kwamba binti huyu hana tatizo. Posa itarudi. Nilipofika Segera nilikuwa nimeshapanga hadi nitakavyoanza kuamkia. Nilikuwa nakwenda kumsaidia Mwanahawa, lakini zaidi nilikuwa nakwenda kujiosha.

Safari hii tuliingia chumbani tukafunga mlango. Mwanahawa alikaa kitandani na sentimita yake ya kupimia ikiwa bado shingoni. Nilimweleza. Alifumba macho, akashusha pumzi. Halafu akauliza:

"Na Zuhura?"

"Ya Zuhura ni yake, siwezi kukuambia. Kama ambavyo sitamwambia yako."

Nikaharakisha kuleta habari ya Mazinde. Nilisema naweza kwenda leo hii, gari lipo. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Ukishawaambia mimi sina, watauliza nani anayo," akasema. "Tuko wawili tu, daktari. Zuhura naye ataposwa na nani?"

Sikuwa nimefikiria hilo. Mimi, niliyechora ukoo wao ukutani, sikuwa nimefikiria hilo.

"Siku ile ulisema sana," akaendelea, na sasa kwa hasira. "Ulisema mpaka wapita njia wakasikia. Leo nakuomba unyamaze. Salimu akija, akija. Asipokuja, basi. Lakini usimfanye mdogo wangu aonekane mgonjwa ili mimi niolewe."

Nikaitikia. Akatoka, na nikasikia cherehani ikianza kulia sebuleni.

Zuhura aliingia akikwepa macho yangu, kama mtu anayejua. Nilipomwambia alikuwa na swali moja tu.

"Nitakufa kama baba?"

Nilimweleza polepole, safari hii kwa sauti ndogo. Kwamba kuwa na hitilafu si kuwa na ugonjwa. Kwamba wapo wanaobeba kitu hiki mpaka uzeeni na wasiugue. Kwamba baba yake alichelewa kwa sababu hakuna aliyejua pa kutazama, na yeye tunajua. Sikumwahidi lolote. Nikamwomba nimwangalie ngozi, naye akataka mama yake awepo, tukamwita.

Viganja vilikuwa safi. Mguu wa kulia, safi. Wa kushoto, karibu na kidole cha mwisho, kulikuwa na doa la kahawia linaloelekea weusi, lenye kingo zisizonyooka.

"Hiyo ni hina," Zuhura akasema. "Tulipakana siku ya posa ya dada."

Bi Mwanaidi aliinama, akaushika mguu wa mwanawe, akalowesha kidole chake kwa mate, akasugua. Akasugua tena. Posa ilikuwa miezi mingi iliyopita, na kwingine kote miguuni hina ilishatoka zamani. Akamwambia Zuhura jambo kwa Kizigua, neno la kumbembeleza mtoto mdogo. Mimi Msambaa nalielewa, na sitaliandika hapa.

Huenda si kitu. Madoa mengi si kitu, nimewaambia hivyo na ni kweli. Lakini lazima likatwe na lipimwe, na kama ni saratani yenyewe, bado ni ndogo. Nimempigia daktari wa ngozi ninayemfahamu, amekubali kumwona Jumatatu. Mwanahawa alipoambiwa na mdogo wake mwenyewe, alisema ataahirisha sare za shule alizokuwa anashona, wafuatane.

Njiani kurudi kulikuwa na sauti kichwani ikiniambia, unaona, kazi yako imefaa. Usingekwenda Kabuku, nani angeutazama mguu ule? Na sauti hiyo haidanganyi. Lakini ningeweza kuutazama mguu wa Zuhura bila kuivunja posa ya Mwanahawa. Kilichotakiwa ni kuingia ndani na kuwasha taa ya simu. Ni hilo tu. Sina haki ya kuchukua mema ya dada mmoja nikalipia nayo madhara ya mwingine.

Nilidhani siku imeishia hapo.

Nimefika hapa, mama ameniwekea chakula, simu ikalia. Namba nisiyoijua. Sauti ya kiume, ya adabu.

"Shikamoo daktari. Mimi naitwa Salimu, wa Mazinde. Namba yako nimeipata kwa watu wa Kabuku."

Akasema amesikia leo nilikuwa kwa kina Mwanahawa. Akasema yeye hakutaka mambo yasimame, ni wazee, hasa mama yake, na ameshagombana nao vya kutosha. Akasema anataka jambo moja tu la kuwaambia.

"Mwanahawa anao huo ugonjwa?"

Neno moja. Hapana. Lilikuwa mdomoni kabisa, na wali ulikuwa unapoa mbele yangu, na mama ananitazama.

"Siwezi kukujibu, Salimu," nikasema. "Si la kwangu kusema. Nenda ukamuulize mwenyewe."

Nilisikia mvua upande wake pia.

"Kama angekuwa hana, si ungesema?"

"Jibu lingekuwa lolote lile, nisingesema. Nenda kwake."

"Haya, daktari," akasema. "Umeshanijibu." Akakata.

Nilimpigia tena hapohapo. Hakupokea.

Kwa hiyo leo nimefanya nilichoombwa, na huenda nimemalizia kwa kunyamaza kile nilichokianza kwa kusema. Nimejaribu kutafuta sentensi ambayo ningeweza kumpa Salimu, isiyomgusa Zuhura na isiyomuumiza Mwanahawa. Bado sijaipata. Labda haipo. Labda ilikuwepo siku ile ya kwanza tu, kabla sijabandika karatasi.

Nimewaza nisimwambie Mwanahawa kwamba Salimu alipiga. Ana safari ya Jumatatu, ana mdogo wake wa kumshika mkono, nimwongezee na hili? Kisha nikajikamata. Huko ni kuanza tena kuamua kwa niaba yao nini kisikike na nani asikie.

Asubuhi, kabla hajaketi kwenye cherehani, nitampigia. Nitamwambia Salimu aliuliza nini, nilimjibu nini, na yeye alielewa nini. Namba aliyonipigia nayo Salimu nitampa kama hana. Halafu nitasubiri aseme anachotaka kusema, hata kama ni matusi, na sitamkatiza.